Mlango Niliokataa Kuufunga

Dorcas, mtoto wangu wa kwanza, weye uliyechukua kichwa changu na miguu ya tata yako,

Umetoka sasa hivi. Umesema unaenda kuaga wanakwaya. Sawa. Lakini mimi nimeimba kwaya miaka mingi kuliko umri wako, na sijaona mtu anayejipaka mafuta namna ile ili kuaga sauti ya pili. Najua unaenda kumuaga nani. Sikukuzuia. Nimekaa mezani, maharagwe yako yako juu ya makaa ya mbabula, na ninaandika kabla hujarudi, maana ukirudi utaanza tena kunisemesha kama mtu anayesemesha karani wa ofisi: ndiyo Mama, hapana Mama, asante Mama. Tangu Jumapili ni hivyo. Nimevumilia. Mama mwingine angekwisha kupiga kelele, lakini mimi, Kamina nzima inajua, niko na moyo mkubwa.

Barua hii nitaitia katika mfuko wa mikate, uikute njiani, kama treni itakubali kutoka kesho. Sitakuandikia juu ya maji ya kuchemsha, wala juu ya kufunga sanduku, wala saa za kurudi nyumbani. Mama yako mdogo wa Lubumbashi atakuambia yote hayo, tena atazidisha. Yeye anapenda kusema, hafanani na mimi.

Mimi niko na neno moja. Nimewakatalia watu wa Samy wasije kufunga mlango. Hilo unalijua. Kwa nini nimekataa, hulijui, na lile ulilojiambia mwenyewe si kweli.

Mjomba wake alituletea habari baada ya ibada ya Jumapili. Walitaka kuja kabla hujaondoka, na jembe jipya na kitambaa cha mama, kitu kidogo tu cha kufunga mlango, ili huko unakoenda kusoma watu wajue kwamba weye uko binti mwenye mwenyewe, aliyechumbiwa. Mali ya ndoa ingefuata ukimaliza masomo. Tata yako, bwana wangu, aliniangalia, akasema, "Mama Dorcas, weye njo unajua huyu kijana. Useme weye." Nami nilisema hapana. Weye ulikuwa nyuma ya pazia. Usibishe, niliona vidole vya miguu yako vikijikunja.

Unafikiri ni kwa sababu wao ni watu wa Kasai. Ulimwambia hivyo Mama Kalenga, jirani yetu, na Mama Kalenga hana mfuko wa kuwekea siri. Mwanangu, wakati ule walipofukuza watu wa Kasai katika mkoa wetu kwa kuwaita wageni, baba yake Samy alishushwa hapa gare, kituo cha treni, akiwa kijana, na godoro moja, na mama yake mgonjwa juu ya godoro. Aliyewapelekea bukari ya kwanza, ugali wetu, ni nkambo yako, mama yangu mimi, na aliyebeba sahani nilikuwa mimi. Kwa hiyo usinitafutie kosa ambalo sina. Niko na mengine.

La kwanza lilikuwa katika sahani.

Samy alianza kuja kwetu mlipokuwa kalasi ya tatu ya sekondari. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja, vichwa viwili juu yake. Siku ya kwanza nilimtazama kutoka kisigino hadi nywele, maana kijana anayefuata kitabu mara nyingi hakufuata kitabu. Nikamtegea. Nilipika bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu wa Mulongo, nikaweka mbele yake, nikakaa papo hapo, nikamwambia ale.

Unajua mambo ya kwetu. Mwanaume hali mbele ya mama mkwe. Mkwe wa kweli akisikia harufu ya jiko la mama mkwe anageuza njia. Tata yako, tangu siku mali yake ilipopokewa, nkambo yako hakumwona tena akitafuna hata karanga, mpaka tulipomzika. Basi nikasema: kijana mwenye mawazo juu ya binti yangu, koo lake litafunga mbele ya macho yangu.

Samy alikula. Alikula kwa mikono miwili, akaomba mchuzi, akasafisha mgongo wa samaki mpaka ukabaki kama kitana. Moyo wangu ukapoa. Huyu ni mtoto tu, nikasema, huyu ni wa nyumba. Na tangu siku ile nilikuwa ninawaachia jioni nzima na hesabu zenu. Wamama walipoanza kunong'ona sokoni, niliwacheka. Niliwauliza kama angekuwa na mawazo, angekula vile mbele yangu? Mama Kalenga akanijibu, "Mama Dorcas, batoto ya leo banakula popote." Nikamwona mjinga. Kesho yake nilimwongezea Samy nyama ya pili, ili nijihakikishie.

Sasa nakuuliza, na utajibu ukitaka: nani alimfundisha kula namna ile mbele yangu? Kwa sababu nimeanza kushuku ni weye.

Halafu zikaja siku zile za diploma yako ya kumaliza sekondari. Asilimia uliyopata sitaitaja hapa, nimeshaitaja sana sokoni, hata wauza chumvi wanaijua. Nilichinja kuku. Samy naye alikuwa amefaulu, akaja kutusalimu. Nikamwita mezani. Akabaki mlangoni, macho chini.

"Mama, minyi siko na njaa."

Kwanza nilifikiri malaria. Halafu nikafikiri kuna mtu amemwambia ninatia kitu katika chakula, na mara moja nikaanza kuchagua adui kati ya wamama wa barabara yetu. Nikafunua sufuria ili mvuke umfikie. Akarudi nyuma. Nikamuuliza, "Unaogopa nini? Kuku imekwisha kufa." Akaomba maji, akatoka nayo nje, akayanywa akinipa mgongo.

Njo nilijua. Kijana hakutoa hata neno moja la mapenzi. Alikataa kuku tu, nami nikasikia yote. Zile jioni za hesabu zikanirudia zote pamoja, moja nyuma ya ingine, nikahesabu nani alikuwa amekaa wapi. Nikakuangalia weye. Ulikuwa unakula paja, umetulia kabisa.

Sikukupiga, sikukuuliza. Nilianza tu kuangalia. Na toka siku ile Samy akipita anazunguka uzio wa lupango letu kama mtu anayezunguka nyumba ya nyuki, na neno lake kwangu linapitia kinywa cha Mama Kalenga. Nilipata mkwe, nikapoteza mlaji. Hilo sikukuambia: liliniuma.

Ninajua kile utakachosema. Utasema: Mama, weye na Tata mulipendana masomoni, na mungali pamoja, kwa nini sisi hapana? Kila mwaka, Jumapili ya vijana, mchungaji anatusimamisha mbele. Hawa wawili walianza wakiwa na umri wenu, anasema, waangalieni. Vijana wanapiga makofi. Mmoja anauliza siri ni nini. Tata yako anajibu sala na uvumilivu. Mimi ninarekebisha kitambaa changu cha kichwa na kucheka kidogo. Ninapenda kusimama pale, sitakudanganya. Nina sauti nzuri, nina bwana mwalimu, na kutoka pale mbele ninawaona vizuri wale walionicheka zamani.

Lakini nikikaa chini ninajiuliza tumewauzia nini watoto wale. Hadithi yetu ina shimo katikati, na kila mwaka tunatandika mkeka juu yake.

Kabla ya shimo langu, nikuambie la Beatrice, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Weye unamjua kama yule mama wa Malemba anayetuletea karanga. Mapenzi yake ya masomoni yalikuwa makubwa kuliko yangu, na unajua sipendi kusema mtu ana kitu kikubwa kuliko changu. Kijana wake alikuwa anambebea mfuko kutoka kalasi mpaka mlangoni petu. Walishona nguo za kitambaa kimoja. Akikohoa huyu, yule anakunywa dawa. Wazazi wetu wakaona ni Mungu, wakakubali mlango ufungwe akiwa bado kalasi ya tano. Jembe likaja, na mbuzi juu yake. Mbuzi tulimla. Ini nililikula mimi.

Halafu maisha yakaanza kuwakata kila mmoja kwa upande wake. Beatrice akawa mwalimu, akapenda vitabu na utulivu. Kijana akaingia katika kazi ya malori, akapenda njia na kelele. Walipokutana tena, hakuna aliyekuwa amekosea, hakuna aliyekuwa na mwingine. Walikuwa tu hawana la kuongea. Lakini nani angesema kwanza? Kijana aliona haya mbele ya mali yake, Beatrice mbele ya baba yetu, na baba mbele ya mbuzi. Mbuzi akishaliwa, nani atamrudisha kwao akitembea? Wakaoana. Mpaka leo hawajagombana. Watu wanasema, ona, mapenzi ya masomoni yamedumu. Mimi nikilala kwao usiku mmoja, ninaamka na baridi ya miguu. Beatrice anamwita bwana wake kwa jina kama mwalimu anayesoma majina ya wanafunzi asubuhi, na yeye anajibu kama aliye kalasini.

Mama yangu aliyaona yale. Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, tata yako alipopewa kazi ya kufundisha Mulongo, kule mtoni, na watu wao wakaja na jembe ili wanifunge kabla hajapanda mtumbwi, mama aliwapa bukari, wakashiba, akawarudisha na jembe lao. Nilimchukia. Nilimsemesha kama karani, ndiyo Mama, hapana Mama. Hiyo tabia hukuiokota njiani. Na nilijivuna mbele yake. Nilimwambia utaona, atarudi, na mimi nitakuwa hapa, nitamngoja mpaka kufa.

Nikangoja. Nilikuwa ninamngoja kijana wa shati jeupe, anayecheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe, anayeruka mitaro ya shule bila sababu. Nilikuwa ninajivuna hata na kungoja kwangu. Vita vikakata njia, habari zikakauka, nami nikazidi kujivuna.

Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Ndevu, mifupa, maneno machache. Alikuwa anaanza samaki kichwani, akimtafuna polepole, akiangalia mlango. Huko aliona mambo ambayo mpaka leo hajaniambia yote, na mimi, ninayeuliza kila kitu, hilo sijamwuliza mara mbili. Na yeye naye alikuwa amebeba kichwani mwake msichana wa misuko miwili anayeogopa kujibu mwalimu. Akanikuta mimi wa sasa: ninauza mikate gare, nimejua kugombana na wabeba mizigo, sauti yangu inafika Malemba. Siku ya kwanza tulikaa juu ya viti viwili kwa mama. Akaniambia nimekuwa na kelele. Nikamwambia amekuwa mzee. Akaaga.

Watu walipouliza, nilisema amechoka na safari.

Sasa sikiliza kosa langu. Sikumwacha, wala sikumpokea. Nilitaka arudishe yule mwingine. Nilisuka tena misuko miwili, mimi mwanamke mzima. Nilivaa nguo ya zamani, ikanibana kwapani. Yeye akaniletea pipi kama alivyokuwa ananiletea chini ya dawati, na wote wawili tukazinyonya, tukiona haya. Tulikuwa kama watu wanaocheza mchezo wa jukwaani juu ya wao wenyewe, na hatukujua maneno. Nikamshuku ameacha mwanamke mtoni. Yeye akanishuku na karani mmoja aliyekuwa anakuja kununua mikate yangu, na kweli karani yule alikuwa na viatu vizuri. Siku moja tuligombana kwa sababu ya chumvi, naye hakurudi tena.

Ilikuwa imekwisha, Dorcas. Hilo njo shimo. Hakuna aliyelitaja kanisani hata siku moja. Hakukuwa na jembe la kurudisha, hakukuwa na mbuzi, baba hakupoteza uso. Ilikwisha kama mvua inavyokwisha, watu wanaendelea na kazi. Karani angeweza kuja, na mlango ulikuwa wazi. Njo nilielewa kile mama alichoniachia, lakini sikumwambia, nilikuwa na kiburi.

Halafu, msimu mzima ukiwa umepita, siku moja gare, nikiinua macho kutoka kwa mikate, namwona amesimama katika mstari wa wanunuzi. Hakuruka mstari. Alipofika mbele yangu, akasema hivi:

"Minyi nilirudia mutoto moja ya masomo. Sikumukuta. Hapa nakuta mama moja ya kinywa mukali. Unaitwa nani?"

"Unauliza jina, ao unanunua mukate?"

"Yote mbili."

Nikamwambia jina. Akalirudia kama hajawahi kulisikia. Kesho yake akaja tena na kuniuliza ninapenda nini, ninaogopa nini, mambo ambayo hatukuwahi kuulizana tulipokuwa watoto, maana tulifikiri tunajua. Nami nikamwuliza samaki wa mtoni anatafunwaje kuanzia kichwani. Akanionyesha. Alipocheka mara ya kwanza, sauti haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito, ikatoka kwa kuchelewa. Niliipenda zaidi.

Kwa hiyo watu wanaposema mapenzi yetu ya masomoni yamedumu mpaka ndoa, mimi najua yalikufa, na nilikuwapo. Walewale wawili njo walitengeneza mengine. Kama mama angepokea jembe, tungeoana juu ya maiti ile na kuiita mtoto mzuri.

Kwa nini basi wengine wanafika na wengine hawafiki? Ukiniuliza kwa kweli, sijui. Ninashuku tu, na unajua mimi nikishuku sikosei sana, ukiacha lile jambo la sahani. Ninashuku kwamba wanaofika ni wale waliokuwa na nafasi ya kutofika. Kila mmoja alikuwa na mlango nyuma yake, akageuka akauona, na akabaki. Au labda ni bahati. Au labda ilikuwa mikate yangu, maana ilikuwa mikate mizuri sana.

Juzi, ulipokuwa umeenda kuchukua karatasi zako za safari, Samy alikuja. Hujui, kwa sababu nilimwambia asikuambie, na nimefurahi kuona kwamba alinyamaza.

Alisimama nje ya uzio wa matete. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti kidogo, nikimpa mgongo kama inavyotakiwa, na katikati yetu Mama Kalenga anamenya mihogo na kupeleka maneno. Umbali ulikuwa wa mtu kunyoosha mkono. Samy alimwomba aniulize kama amenikosea.

"Anauliza kama ni juu ya Kasai," Mama Kalenga akasema, "na anasema ataenda kujitupa ku treni."

"Mama Kalenga, sikusema vile," nikasikia nyuma ya matete.

Nikasema amwambie simchukii.

"Anasema weye uko kijana ya bule," Mama Kalenga akapeleka.

Hapo nilichoka. Niligeuza kiti. "Samy," nikasema, "jembe yenu sikupokea. Kama sikupokea jembe, minyi siko mama mukwe yako. Niangalie."

Mama Kalenga akaziba kinywa kwa muhogo. Samy akapita uzio, akasimama, akaniangalia. Tangu siku ile ya kuku nilikuwa sijaona macho yake. Amekonda kidogo. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nimeliweka mdomoni tangu Jumapili.

"Dorcas akirudi na akili ingine, akikuona uko mudogo, utafanya nini?"

Nilikuwa tayari. Kama angeniambia atakungoja mpaka kufa, ningemtoa pale na maganda ya mihogo juu, maana neno lile nilishalisema kwa kinywa changu na ninajua bei yake.

"Sijue, Mama," akasema. "Itaniuma. Lakini hata minyi najiogopa. Labda minyi njo nitageuka, yeye abakie vile."

"Na ukigeuka?"

"Nitamuambia. Sitaki anikute nasimama na jembe, moyo iko kwingine." Halafu akainamisha kichwa. "Lakini mulango ningependa bafunge, Mama. Nisikudanganye. Naogopa ba-docteur ya Lubumbashi batamubeba."

Nilicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Njo hiyo, mwanangu. Jembe lile lilikuwa zuri, watu wake ni watu wazuri, lakini aliyelibeba alikuwa woga. Na weye uliyetaka nilipokee, ulikuwa unaogopa nini? Kwamba atachukuliwa na wasichana wa hapa? Au kwamba weye mwenyewe utasahau, na unataka kamba ya kukukumbusha? Usinijibu mimi.

Nikamwambia, kama mimi siko mama mkwe, basi bukari iko. Alisita, akaketi, akaanza kwa vidole viwili kama mgonjwa. Halafu akaomba mchuzi. Mama Kalenga aliacha mihogo yake katikati ya maganda, akatoka mbio kwenda kutangaza mji mzima kwamba kwa Mama Dorcas hakuna tena ukwe. Aende. Ni kweli, hakuna. Kuna kijana mmoja anayempenda binti yangu, na binti yangu, na njia ya reli.

Nimekuambia ninashuku kila mtu. Haki inataka nijishuku na mimi pia. Tata yako aliniuliza asubuhi, akifunga viatu, bila kuniangalia: "Ulikataa juu ya mutoto, ao juu yako?" Nilimwambia anyamaze, chai itapoa. Lakini swali limekaa. Weye uko wa kwanza wangu. Mlango ukifungwa, hata kwa jembe dogo, kuna kitu kinatoka katika nyumba hii na hakirudi. Labda nilikuwa sitaki kukutoa, nikatafuta sababu nzuri, na bahati yangu sababu nzuri ilikuwapo. Sijui. Ukiona ni hivyo, unisamehe, lakini uamuzi ubaki palepale. Ni mzuri hata kama aliyeufanya ana roho ya uchoyo.

Basi hauko binti wa mtu. Uko huru, na yeye yuko huru, na ninajua hilo linakutisha kuliko Lubumbashi. Ukikuta huko mtu mwingine, huna deni la mbuzi kwa mtu yeyote. Mwambie Samy kwa kinywa chako, kabla hajasikia kwa Mama Kalenga. Na ukirudi ukamkuta amekuwa mtu mwingine, usisuke misuko ya zamani. Mwulize jina. Kama jibu litakupendeza, tutaona, watu wao wanajua njia ya kwetu, na jembe halichachi.

Nilikuwa nimefika hapa nikataka kufunga barua, na sasa nasikia uko nje. Mmesimama kwenye kona ya uzio, mnafikiri matete ni ukuta wa mawe. Ndiyo, ninasikiliza. Dirisha ni langu.

Mnabishana. Weye unamwambia asije gare kesho, kwa sababu utalia na watu watakuona. Yeye anasema atakuja. Unamwambia hapana, na sauti yako iko juu, hiyo ni sauti yangu kabisa. Wale watoto wa kalasi ya tatu hawakuwa wanabishana hivi. Mmoja alikuwa anasema, mwingine anaitika. Sasa yeye hanyamazi, na weye humwachii. Anasema basi atasimama mbali, upande wa mabehewa ya mizigo, na ukilia usimwangalie. Unamwuliza, na kama nitataka kukuangalia? Anasema hajafikiria hilo.

Maharagwe yameiva. Jioni nyingine yoyote ningekuwa nimekwisha kutoka na kukohoa mlangoni, unajua kile kikohozi changu. Leo nakaa. Malizeni.

Mama yako